Mamdogo, Sikukwambia Kweli Kuhusu Ile Mashine

Mamdogo Skola, shikamoo.

Nilipokuwa bweni, barua zako zilianza na afya: wewe mzima, hofu ni kwangu niliye mbali. Leo nageuza. Mimi mzima, na kwako sina hofu tena, maana uliko hakuna foleni wala mapokezi. Hofu yote imebaki huku. Nimekaa nayo hapa Tabata kwenye meza yako ya kusahihishia madaftari, ileile ambayo mguu wake mmoja umetegewa kipande cha kadibodi. Nimekataza watu wasiitengeneze. Wananicheka kwamba fundi mzima anakula kwenye meza inayoyumba, nami nawaambia wanywe chai yao taratibu.

Ni mwaka wa tatu tangu tukuzike. Nakuandikia kwa sababu tumetengeneza kiti, na kwa sababu kuna uongo niliokwambia ambao hukupata nafasi ya kunigombeza. Kiti kitakufurahisha. Uongo sijui utaupokeaje, ndiyo maana nazunguka kidogo kabla sijaufikia. Nivumilie. Hata darasani ulikuwa na watoto wa namna hii.

Unakumbuka wiki yangu ya kwanza kwako? Nilikuwa na miaka saba, Mama alikuwa ametutoka kule Songea, na wewe mdogo wake ukanichukua bila kuitisha kikao cha ukoo. Ulinituma kwa Mama Rehema, jirani wa ukuta wa pili, nikaazime ungo. Akaniuliza, "Habari za kwenu?" Nikamjibu, "Mbaya. Mamdogo amenuna na sukari imeisha." Mama Rehema alicheka hadi akauleta ungo mwenyewe, apate kukuona ulivyonuna. Alipoondoka ulinikalisha kwenye mkeka.

"Devota, habari ni nzuri. Hata ukiwa na homa, sema nzuri, halafu ndo useme una homa. Nzuri inatangulia."

Nikakuuliza, "Na kama mtu hakuuliza tena?"

"Basi hiyo homa ni yako."

Nilikua na somo hilo kama nilivyokua na jina langu. Na sikulaumu, Mamdogo, ndivyo tulivyo wote. Mtu anafiwa asubuhi, mchana anapokea simu na kusema nzuri, halafu ndipo anatoa taarifa ya msiba.

Nakumbuka pia bega lako. Ulikuwa mfupi na ubao wa shule ulitundikwa kwa ajili ya watu warefu, ukafundisha darasa la pili miaka yote ile ukiwa juu ya kigoda, mkono wa kulia umeunyoosha juu ya kichwa, unachora herufi za mwandiko. Mpaka unastaafu, bega likawa limeganda. Mkono haukupita usawa wa kifua. Ulijikuna mgongo kwa rula, ukafungua pazia kwa rula, na Jumapili kabla ya misa ulinigeuzia mgongo nikufunge zipu huku ukisema, "Usione umenisaidia. Nakupa kazi usikae bure." Sikuwahi kukusikia ukisema bega linauma. Ulisema tu kwamba "limechoka kusoma."

Nami nikawa fundi wa vifaa vya hospitali. Ulijivunia hilo kuliko nilivyojivunia mwenyewe. Ulikuwa ukiwaambia wenzako wa jumuiya, "Mwanangu hatibu watu, anazitibu mashine zinazowatibu watu," kama vile ni cheo kikubwa zaidi ya daktari. Kati ya mashine nilizozihudumia ilikuwepo ile ya kupiga picha ya matiti. Niliijua kila nati. Nilijua kibao chake cha kubana kinashuka kwa mwendo gani, na waya upi ukilegea taa yake inapepesa. Siku hospitali yetu ilipotangaza kupima kina mama saratani ya matiti, nikakuganda. Ulikuwa na kila sababu: mitihani ya tuisheni, halafu bega, halafu ukaniambia, "Titi la mwalimu mstaafu linatafutiwa nini?" Nilikusumbua mwezi na nusu. Mwishowe ukakubali. Kilichokufanya ukubali ndicho nitakachokuja kukisema.

Siku ile ulivaa gauni jipya la kitenge, moja tu kutoka shingoni hadi chini, na ukajipaka poda shingoni na kifuani kama mtu anayekwenda kipaimara. Nilikuona na sikusema kitu. Mimi, fundi, nilijua poda inaonekana kwenye picha. Nilijua gauni la namna ile litakulazimu ubaki na nguo ya ndani tu. Lakini nilikuwa naharakisha tusichelewe, nikafikiri watakueleza hukohuko. Nikakufikisha mlangoni, nikaitwa wodi ya wazazi kutazama pampu iliyogoma. Nilirudi baada ya saa moja. Ulikuwa umekaa kwenye benchi la korido, poda imefutwa, kanga umejifunga mpaka kidevuni.

"Vipi, Mamdogo?"

"Nzuri tu, mwanangu. Yule binti mpimaji ana adabu sana."

Nikashukuru Mungu, nikakimbilia kutafuta bajaji. Njiani kote ulikuwa umeupakata mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto kama unayebeba mtoto aliyelala. Nilikuona, Mamdogo. Ningesema sikukuona, lakini nilikuona. Ila ulikuwa umeshasema nzuri, na mimi nilitaka sana iwe nzuri, kwa hiyo nikaanza kukuhadithia habari za pampu.

Baada ya siku chache wakapiga simu: upande wa kulia picha haikushika sehemu yote ya kwapani, urudi irudiwe. Ukasema baada ya Kwaresima. Kwaresima ikaisha, ukasema baada ya kipaimara cha mtoto wako wa ubatizo, halafu mvua, halafu ukaacha hata kutoa sababu. Mimi nikajiambia mtu mzima hashurutishwi. Siku uliyokubali kurudi, mkono ulikuwa umevimba, na daktari hakuhitaji mashine yoyote kuona alichokiona. Miezi iliyofuata sitaisimulia. Ulikuwepo.

Aliyeniambia ukweli ni Mama Rehema, baada ya arobaini yako. Tulikuwa uani kwake tunasugua sufuria za watu ili zirudi kwa wenyewe. Akaniuliza kama nilijua kwa nini hukurudi kwenye kipimo. Nikasema uliogopa majibu.

"Majibu! Skola aogope majibu?" Akaweka sufuria chini. "Mkono ulimgomea, mwanangu. Walimwambia ainue ashike chuma juu, haukufika. Wakamsaidia kuuinua. Machozi yakamtoka. Kasimama pale uchi mpaka kiunoni, mwalimu mzima, binti aliyemfundisha yeye mwenyewe a-e-i-o-u ndo anamfuta poda kwapani. Alisema, Mama Rehema, mie sirudi kule hata kwa mkuki."

"Kwa nini hakuniambia mie?"

"Angekwambiaje, na ile mashine ndo kazi yako?"

Sikuwa nimejua kwamba yule binti alikuwa mwanafunzi wako. Hakufanya kosa lolote yule msichana. Alifanya kama alivyofundishwa, kwa mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya mwanamke anayesimama wima, mwenye mabega mawili mazima, asiyejali kubaki kifua wazi. Na wewe hukutaka kuniaibisha. Nilisugua ile sufuria mpaka Mama Rehema akaninyang'anya.

Ndiyo maana Injinia Masanja aliponiita nikafanye naye kazi kwenye karakana yake ya Kinyerezi, sikuuliza mara mbili. Masanja anatengeneza vitanda vya hospitali na viti vya magurudumu. Ni kijana wa Kisukuma, mrefu, mkarimu, anayeamini kila tatizo duniani lina kipimo chake cha sentimita. Mashine yenyewe hatuitengenezi, hiyo inatoka nje ya nchi. Sisi tunashughulikia vinavyomzunguka mwanamke akiwa mbele yake: kiti cha kukalia badala ya kusimama, egemeo la mkono lililo chini ili mtu asiinue bega, gauni la kuvaa, na kitufe cha kushika mkononi ili kibao kikishuka, hatua za mwisho za kubana azibonyeze mama mwenyewe, mpimaji akimwelekeza. Hicho kitufe ndicho kilichonitoa machozi nilipokichora mara ya kwanza. Ulivyopenda kushika chaki yako mwenyewe.

Tulijenga mashine ya bandia kwa mbao na mabomba, haina mionzi wala umeme, ya kujaribia tu. Kibao kikatengenezwa kwa plastiki ngumu. Kiti tukakichomelea, tukaweka sponji na ngozi. Kilikuwa kizuri, Mamdogo, nasema bila aibu. Tukawaalika kina mama kutoka Segerea, Tabata na hapo Kinyerezi, wa kanisani na wa msikitini, wanene, wembamba, mmoja mwenye mgongo uliopinda, mmoja wa magongo. Tukawaandalia chai na vitumbua. Kila mmoja akaingia nyuma ya pazia, akakaa, akaegemea, akatoka. Masanja akawa mlangoni na karatasi zake, anauliza kwa heshima zote:

"Shikamoo mama. Kiti kilikuwaje?"

"Marahaba baba. Kizuri, Mungu awabariki."

"Mkono haukuumia?"

"Wala. Vizuri kabisa."

Karatasi zote zilijaa hivyo. Masanja alikuwa anaimba. Alitaka tusaini, ripoti iende kwa wanaotoa kibali, tuanze kuchomelea viti vya kweli. Mimi nilikuwa nimesimama upande wa ndani wa pazia, na nilikuwa nimemtazama yule mama wa mgongo uliopinda. Miguu yake haikugusa chini. Vidole vilikuwa vinaitafuta sakafu, vinapapasa hewani, huku mwili wote umekaza ili asiteleze. Alipotoka akasema kizuri, akatuombea na baraka.

"Sisaini," nikamwambia Masanja.

"Sista, acha hizo. Wamesema wenyewe! Mie sijamlisha mtu maneno."

"Wamesema nzuri. Ulitaka waseme nini, na umewapa vitumbua?"

"Sasa ishu iko wapi? Kama mtu anaumia si aseme?"

Nilimkasirikia. Nilimwambia nilikuwa na Mamdogo aliyesema nzuri, na yuko Kinondoni makaburini. Akaweka karatasi zake chini. Hakuwa amejua. Nilijua kina mama wanatuficha, lakini sikujua namna ya kuwauliza. Na kama nisingeipata namna hiyo, kile kiti kingetoka karakana kikiwa na sifa zote za kwenye karatasi, na kina mama wangekikalia mara moja wasirudi tena.

Shida hiyo nilimpelekea Mama Rehema. Unamjua, yule ni Mzaramo wa hapahapa, na mpaka leo kila kicheni pati ya Tabata anayekaa na bibi harusi kumfunda ni yeye. Alinisikiliza huku anachambua kisamvu. Halafu akacheka lile cheko lake la pua.

"Nyie mnamuuliza mgeni kama mchuzi una chumvi. Nani atawaambia? Na yule mwanaume wenu kasimama mlangoni anamuuliza mtu mzima habari za titi lake!"

"Tuulize nani sasa?"

"Msiulize. Mleteni mwali, sie tumfunde. Mtu akifundwa haambiwi nzuri. Anaambiwa vilivyo, ili kesho asiumbuke, nasi tuliomfunda tusiumbuke naye. Mficha uchi hazai."

Basi Jumamosi tukawarudisha kina mama walewale. Masanja na vijana wake wakafukuzwa karakana yao wenyewe, wakaenda kukaa kwa muuza miwa. Mama Rehema akatandika mkeka mbele ya ile mashine ya mbao, akafunga mlango, akajitanda kanga begani. Akatangaza kwamba yuko mwanamke anayekwenda kupigwa picha, hajawahi, hajui lolote, na asipofundwa leo ataadhirika. Mwali nilikuwa mimi. Tulikubaliana nijifanye sijui kitu.

Mamdogo, ungekuwepo! Hazikupita dakika tano, wale waliosema kizuri Mungu awabariki wakaanza kupandana sauti.

"Gauni acha nyumbani, vaa sketi na blauzi, wakikuvua wakuvue nusu."

"Poda usipake, shoga. Utafutwa kama meza."

"Kile kiti kirefu. Ukikaa, shuka mbele mpaka kidole kiguse chini, ukishindwa omba ndoo uipindue ukanyage."

"Pale kwapani pana kona, inachoma. Kunja kanga uitie."

"Mbona siku ile ulisema pazuri?" nikamuuliza.

"Siku ile nilikuwa mgeni."

Mama wa mgongo uliopinda alikuwa amekaa mwisho wa mkeka. Halafu akaja kuniinamia pale kitini, akanishika kiwiko, na akasema kwa sauti ya chini, "Kabla hajakushika mkono, mwambie asubiri. Muoneshe wewe mwenyewe mkono wako unafika wapi. Akishajua unapofika, asikuvushe hapo." Wote wakaitikia, na mimi nikainamisha uso kwa sababu hilo ndilo hasa ulilolikosa wewe. Hakukosekana chuma, Mamdogo, wala sponji. Alikosekana mtu wa kukuambia kwamba unaruhusiwa kuonesha mkono wako unafika wapi.

Nilikuwa naandika kwa haraka, daftari juu ya paja, mwali gani huyu mwenye kalamu. Ndipo yule mama wa magongo akauliza.

"Sasa we dada fundi, si ndo unazijua hizi? Tuache hii ya mbao. Ile ya kweli ikibana, inaumaje?"

Na mimi nikajibu, "Kawaida tu. Hata husikii."

Maneno yalitoka yenyewe. Mama Rehema akageuka akanitazama. Unajua anavyotazama.

"Devota. Umeshapigwa?"

Nikasema sijapigwa. Nikasema mbele ya wale kina mama wote kwamba nina miaka arobaini na mbili, aliyenilea amekufa kwa ugonjwa huohuo, ile mashine nimeifungua na kuifunga mara nisizoweza kuzihesabu, na sijawahi hata siku moja kusimama upande wa mgonjwa. Kwamba naogopa.

Haya, nimefika, Mamdogo. Uongo wangu ni huo.

Unakumbuka ile Jumapili mchana tulikuwa tunachambua mchele kwenye baraza, siku chache kabla hujakubali? Uliweka ungo chini ukaniuliza, "We ulipopigwa, iliumaje? Niambie kweli, nami nitakwenda kwa neno lako." Ulikuwa umedhania tu kwamba nimeshapigwa, kwa kuwa kazi ndiyo ile. Ningesema, Mamdogo, mie bado. Ingenichukua pumzi moja. Lakini nilikuwa nimekusumbua mwezi na nusu, na nikaona hapo ndipo mlango umefunguka. Nikakujibu, "Kawaida tu. Hata husikii."

Ukaniamini. Wewe ndiwe uliyenifundisha kutosema uongo, uache kuniamini kwa sababu gani? Ukaingia kwenye kile chumba ukijua kwamba hakiumi. Bega lilipouma, titi lilipouma, ulidhani kasoro ni yako. Ulidhani wanawake wengine wote wanapita pale hawasikii kitu, akiwemo mwanao, na ni wewe peke yako unayelia. Naamini ndiyo maana hukuniambia. Mama Rehema anasema ulinistahi kwa sababu ya kazi yangu, na labda ni hivyo pia. Lakini mimi nalijua neno nililokupa, na uliondoka nalo. Nisamehe, Mamdogo. Nisamehe sana.

Kina mama hawakunigombeza. Ningependa wangenigombeza. Mama Rehema alisema tu, "Kumbe mwali kweli," wote wakacheka, nami nikacheka huku nalia, na wakaanza kunifunda upya kutoka mwanzo, safari hii bila kuigiza.

Masanja alilisoma lile daftari mpaka mwisho. Halafu akasema, "Kumbe tulikuwa tunajisifia wenyewe," akachukua msumeno wa umeme akakata miguu ya kiti siku hiyohiyo. Sasa kinapanda na kushuka, na kina ubao wa kukanyagia. Kona ya kwapani tumeivisha mto mdogo unaovuliwa na kufuliwa. Gauni limeshonwa na fundi cherehani wa Segerea kwa mtindo wa kanga mbili, linafunguka upande mmoja mmoja, usiopigwa unabaki umestirika. Mama akipangiwa siku anaambiwa mapema habari ya poda na ya sketi na blauzi. Na ubavuni mwa kiti, mahali ambapo mpimaji lazima apaone, tumeandika kwa herufi kubwa: MUACHE MAMA AONESHE MKONO WAKE UNAFIKA WAPI. Kitufe bado kinasubiri vibali vyake, hicho kinagusa mashine yenyewe na wana haki ya kukichunguza. Karatasi za kiti nilizisaini, na katika nafasi ya maoni nikabandika maneno ya kina mama kama walivyoyasema, pamoja na ile ndoo.

Kiti cha kwanza kimewekwa kwenye kliniki moja huko Temeke, na Alhamisi iliyopita nilikwenda kukikalia. Sikwenda kama fundi. Nilipanga foleni nikiwa na blauzi na sketi, bila poda, na Mama Rehema pembeni yangu akimwuliza kila mtu amekuja kufanya nini. Jina langu lilipoitwa, nilibaki nimekaa mpaka akanisukuma mgongoni. Majibu yamekuja jana. Hawakuona kitu, nirudi mwakani.

Sasa naweza kukujibu, Mamdogo, maana uliniuliza vizuri na ulistahili jibu. Inauma. Bamba la chini, titi linapolazwa, lina baridi, na kibao kikishuka unaona kama hakitasimama. Upande wa kushoto niliuvumilia. Upande wa kulia nilisema "ngoja", binti mpimaji akangoja, nikavuta pumzi, tukaendelea. Kubana kwenyewe ni kufupi, unahesabu mpaka kumi hivi, kisha kinaachia chenyewe na unabaki na joto kama la ngozi iliyopigwa na jua. Utataka kulia, na ukilia hakuna ubaya, nililia. Bega lako lingegoma, na ingebidi uwaambie. Hivyo ndivyo inavyouma, wala haizidi hapo.

Ningekwambia hivi pale barazani, ungeokota ungo wako, ungemaliza mchele wote. Halafu ungekwenda.

Pumzika, Mamdogo.

Ni mimi, mwanao uliyemlea.